Mtoto Asiyelia

Siku ile tulikuwa tunachambua maharagi. Nilikuwa na miaka saba, kule kijijini kwetu Kalehe, na mama yangu alikuwa amenipa ungo mdogo nitoe mawe. Amani, mdogo wangu wa miezi minane, alikuwa mgongoni kwake, analia kwa sababu ya meno. Analia kweli kweli, na Mama anacheka: "Huyu atakuwa padri, sauti anayo tayari!" Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia Mama akifurahia kilio cha mtoto.

Kabla maharagi hayajachemka, risasi zikasikika upande wa barabara. Tulikimbilia kwenye migomba, halafu bondeni, tukalala ndani ya matete. Watu wenye bunduki wakawa wanapita njiani, karibu sana, niliona matope kwenye buti zao.

Amani akaanza kulia.

Mama akamtoa mgongoni, akamkandamizia kitenge mdomoni.

Buti zilikawia kuisha.

Zilipoisha, Amani hakuwa analia tena. Mama alimrudisha mgongoni, akamfunga vizuri, akatembea naye siku mbili. Mimi nilijua.

Tulipofika Bukavu tulipata chumba cha mbao huko juu Kadutu, na Mama akaanza kuuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, sokoni. Tangu hapo kilio kikawa kosa nyumbani kwetu. Ukijikata, kimya. Ukiota vibaya, kimya. Ukilia, Mama anakufinya ndani ya paja, pale nyama ni laini, na haachi mpaka unyamaze. Akishamaliza anakupa kipande cha muwa. Nilimchukia, Mungu anisamehe. Niliapa kwamba mimi nikizaa, mtoto wangu atalia mpaka majirani wahame.

Kiapo cha bure! Nilipomzaa Ansima, hata wiki mbili hazijaisha, alilia mchana mmoja, na masikio yangu yakawa yanatafuta buti nje. Hapakuwa na vita. Palikuwa na fundi cherehani na redio yake. Nilipoangalia chini, mkono wangu ulikuwa juu ya mdomo wa mtoto.

Basi nikafanya kama Mama, tena nikamshinda. Akiwa na miaka mitatu Ansima alikuwa halii hata kwa sindano. Sokoni wamama wenzangu walinizunguka: "Ee, mutoto yako iko na adabu sana! Ulimufanya nini?" Nami, mjinga mkubwa, nikavimba kichwa. "Mutoto umuleavyo ndivyo akuavyo," niliwajibu, utadhani mwalimu. Hakuna aliyeniambia kwamba mtoto wa miaka mitatu asiyelia ana ugonjwa. Kwetu anaitwa mtoto mzuri.

Ansima alikuwa na miaka tisa vita vilipoingia mjini, mwaka jana. Ilikuwa asubuhi ya mvua. Watu walikuwa wanabeba mifuko ya unga kutoka depo, ghala la chakula lililovunjwa, wengine wanakimbia, na risasi zinapigwa ovyo katikati ya nyumba. Mbao hazizuii kitu. Nilimlaza Ansima sakafuni ubavuni mwangu, na mdogo wake Neema nikamfunika kwa kifua changu.

"Usilie," nilimwambia Ansima.

"Ndiyo, Maman."

Mbao zikapasuka mara mbili. Ansima akashtuka, akatulia.

Kisha nikahisi maji ya moto kwenye kitenge changu. Nikasema moyoni, msichana wa miaka tisa, amejikojolea! Hasira ikanipanda. Nikapenyeza mkono, nikamfinya pajani.

Hakulia.

"Vizuri," nikamnong'oneza.

Risasi zilipopoa ndipo nikaona rangi ya kitenge. Risasi moja ilikuwa imemwingia kiunoni. Macho yake yalikuwa wazi, na alikuwa ameuma mdomo wa chini mpaka umekatika. Neema nikamwachia jirani, Ansima nikambeba mgongoni, nikashuka vile vijia vya Kadutu nikiteleza kwenye matope, napiga kelele ambazo sikuwahi kupiga maishani mwangu. Muganga wa kituo cha afya alisema damu imeisha. Akaniuliza, wala si kwa ubaya: "Maman, mbona mulikawia? Hakulalamika?"

Kwenye kituo cha afya kuna dada mmoja anayewasikiliza watu waliopita vitani. Alinieleza kwamba hofu ya utotoni haiondoki pamoja na askari. Inabaki kichwani, inaufundisha mwili kuona hatari hata pasipo hatari, na mzazi aliye nayo anailea pamoja na watoto wake. Alikuwa na karatasi yenye mchoro wa ubongo. Nilimuuliza karatasi hiyo ilikuwa wapi nilipokuwa na mimba ya Ansima. Akaikunja. Nilimwonea huruma, lakini kidogo tu.

Nilipompa Mama habari ya msiba, aliuliza jambo moja.

"Alilia?"

"Hapana."

Akaitikia kwa kichwa, kama bibi aliyeambiwa mjukuu amefaulu mtihani. Ningeweza kumpiga. Kisha nikaona mikono yake. Ilikuwa imekunja ncha ya kitenge na kuikandamiza juu ya goti, inakandamiza tu, inakandamiza, na mwenyewe hana habari.

Neema sasa ana miaka mitatu. Sijamfinya tangu siku ile. Juzi alianguka kwenye ngazi za mawe mbele ya mlango, goti likachanika, damu ikashuka mpaka kwenye kandambili. Nikapiga magoti mbele yake.

"Lia, mwanangu. Hapa hakuna mutu. Lia."

Akaniangalia, macho yamejaa machozi.

"Lia, nakuambia!"

Nilikuwa nimepaza sauti. Neema akainua mikono yake miwili, akajiziba mdomo.