Nilivyoing'oa chupa ya bia kwenye gari la harusi, nikiwa foleni ya esanse Rumonge

Wakuu, amahoro. Salaam kwa wa Buja, wa Kigoma, wa Uvira, na nyie mnaosoma kimyakimya bila kukomenti.

Hii sikuhadithiwa. Kucha zilizovunjika ni zangu, na asiyeamini aje Rumonge nimwonyeshe mlango wa gari.

Nilinunua Toyota ya zamani, ya buluu, kwa mwenye baa mmoja wa Bujumbura. Injini safi, gia safi. Shida ni kwamba jamaa alikuwa ameitangazia baa yake humo. Kila ubavu una stika ya chupa ya bia, povu linamwagika. Juu ya kapo, yaani boneti, kuna stika ya mbuzi wa brosheti, mishikaki ya kwetu, anacheka. Anachekea nini na yeye ndiye anayechomwa, mimi sijui.

Sasa sisi ni Waislamu, watu wa duka la vitambaa, babu zetu walitoka Omani. Mzee wangu alipoliona tu, akasema "Astaghfirullah" na kurudi dukani. Toka siku hiyo akawa analiita "gari lako la pombe".

Nilikuwa nacheka, mpaka mdogo wangu Zuhura alipoposwa Nyanza-Lac.

Nyumbani kwetu bibi harusi anaendeshwa na kaka yake. Nilimwahidi Zuhura toka tukiwa watoto, namsukuma kwenye toroli la mchanga. Mzee akakata maneno: "Binti yangu hatoki kwangu na chupa ubavuni. Atampeleka Salumu."

Salumu ni binamu yetu. Ana gari jeupe, na ana mdomo. Alitabasamu wakuu, damu ikanichemka.

Baadaye Zuhura akanifuata uani, akaniuliza, "Kaka, si uliniahidi?"

Basi, nikaapa hizo stika zitatoka.

Lakini safari inataka esanse, yaani petroli, na anayeijua Burundi anaijua hiyo foleni. Unaliweka gari, foleni ikisogea unalisukuma kwa mikono, unaenda kuoga ziwani unarudi, bado upo palepale. Nikasema kazi nitaifanyia humohumo.

Kosa langu: nilitoka nyumbani na kisu cha jikoni. Nikaanza kuikwangua chupa kama mtu anayepara magamba ya sangala. Stika imezeeka, inatoka vipande vidogo kama kucha ya mtoto. Halafu nikasikia krrr. Mkwaruzo kwenye rangi!

Nyuma yangu kulikuwa na pikapu ya Mama Nadine, mfanyabiashara wa mawese, mama mwenye sauti yake. Akatoa kichwa dirishani.

"We kaka! Iyo gari haiko samaki! Unaipara ya nini?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikamjibu kwa hasira, "Mama, dada yangu anaolewa Jumamosi, na hili gari lina chupa!"

Kicheko kikakatika. Mama Nadine akashuka, akagusa mlango. "Iko moto," akasema. "Weka kisu. Vuta polepole, ilale juu yake yenyewe. Jua inakusaidia, weye unaleta vita."

Kweli bwana! Bati lilikuwa limepigwa na jua toka asubuhi, gundi imelainika. Nikaingiza ukucha kwenye kona, nikaikunja stika na kuivuta taratibu. Shingo nzima ya chupa ikaja! Nikapiga kelele kama nimefunga goli. Ubavu wa kivulini uligoma, tukaukanda kwa kitambaa na maji ya moto ya muuza chai mpaka ukakubali.

Ikabaki gundi nyeusi. Mama Nadine akanimiminia mawese kwenye tambara: paka, acha iloweke, futa. Ikatoka kama ukoko uliolowekwa. Shati langu liliharibika, liende tu. Ila osheni kwa sabuni baadaye, la sivyo mafuta yanakusanya vumbi.

Tulipomaliza kuosha, nikarudi nyuma niangalie.

Chupa bado ipo!

Mlango wote umepauka kwa jua, chini ya stika rangi imebaki mbichi. Chupa ya buluu iliyokolea, utadhani imechorwa upya. Na Salumu, aliyekuwa mbele kwenye foleni hiyohiyo, akaja kuchungulia. "Binamu, umeikaanga chupa kwa mawese?"

Wakuu, nilitaka kulia.

Nikakaa chini kwenye kokoto, naitazama. Ndipo akili ikanijia: chupa haina kosa. Kilichochakaa ni mlango. Kwa hiyo nisihangaike na chupa, niusugue mlango mpaka uifikie.

Nikakimbia duka la vipuri, nikarudi na dawa ya kusugulia rangi. Kitambaa laini, viduara vidogo, bila kukandamiza, maana ukizidisha unafika kwenye bati. Kitambaa kikawa buluu. Mama Nadine akashika mlango wa nyuma, wengine kwenye foleni wakapokezana, tunasukuma gari, tunasugua, tunasukuma. Chupa ikafifia, ikafifia, ikapotea. Hata ule mkwaruzo ukabaki uzi tu. Na esanse nikapata!

Jumamosi Mzee akatoka na kanzu yake. Akalizunguka gari. Akapitisha kiganja palepale ilipokuwa chupa. Salumu amesimama na ufunguo mkononi.

Mzee akainama. Akajitazama kwenye mlango, akaiweka sawa kofia yake.

"Zuhura, panda. Kaka yako anakungoja."

Vigelegele! Nikamwendesha dada yangu hadi Nyanza-Lac, ziwa upande wa kulia, Mzee kiti cha mbele. Salumu alifuata nyuma.

Nilichojifunza: joto kwanza, kisu kibaki jikoni. Na kivuli cha stika kikibaki, msikipige vita, sugueni rangi ya pembeni yake.

Mbuzi alitoka mzima. Mama Nadine alimwomba, sasa yuko nyuma ya pikapu yake, bado anacheka.

Nyie mnatumia nini? Wa mafuta ya taa njooni tubishane. Ila mnijibu haraka, Mzee ananiita, anataka kwenda sokoni na "gari letu".