Asumini za Mama na Maua ya Karatasi

Mie maua ya bandia siyataki nyumbani kwangu. Wajukuu hunicheka, eti bibi ana visa. Wacheke tu, hawakuwepo Temeke enzi za Mwingereza.

Mama yangu alikuwa na mti wa asumini nyuma ya nyumba. Kila alasiri alichuma vitumba, yaani maua yangali yamefumba, akavitunga kwenye uzi. Ukivipa pua saa hiyo hunusi kitu. Ngoja jua lizame! Vinafumbuka vyenyewe kifuani kwake, nyumba nzima inajaa. Baba alikuwa mtu wa bara, karani wa bandarini Kurasini, alisilimu ili amuoe. Yeye aliijua harufu tu. Mambo ya uzi na kuchuma aliyaona ya kike, hakutazama.

Siku moja akarudi kutoka Uhindini na maua ya karatasi, mekundu, yamepakwa nta, ndani ya gilasi. Majirani walimiminika kuyaona. Hayanyauki! Hayataki maji! Baba kichwa kikavimba, akachukua shoka akaukata ule mti, eti asumini huleta nyoka. Mama hakugomba. Aliyafuta vumbi yale maua kila Ijumaa, akasema, "Mazuri, ila hayanijui."

Mvua zilipokwisha mama akashikwa na homa. Dawa ya hospitali alikunywa, kombe la aya za Kurani alikunywa, wapi! Akabaki mifupa. Asubuhi moja akamwita baba, akamwambia, "Mume wangu, mie safari yangu imefika. Nataka kunusa asumini tu, basi."

Baba alitoka mbio, hata kofia hakuvaa. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba, Temeke yote, mpaka Kurasini. Wenye miti walikuwa hawajachuma, wengine walishapeleka mjini. Alasiri ndipo bibi mmoja alipomhurumia, akamchumia vitumba kwenye jani la mgomba.

Mie nilikuwa kisimani, na mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa uani anakoroga uji. Niliporudi na ndoo kichwani marashi yalinipiga mlangoni. Ndani nikamkuta baba amepiga magoti, lile jani liko puani kwa mama.

"Mbona hayanuki asumini?" mama alikuwa akiuliza. "Ni yale yale ya karatasi?"

"Yananuka, mke wangu! Nusa tena, nimeyatia marashi!"

Ee Mola wangu! Alikuwa ameyamwagia chupa nzima ya marashi ya dukani. Alidhani amepewa maua mabovu. Mama akageuza uso ukutani, akasema polepole, "Mpaka leo bado wanidanganya."

Nilitupa ndoo. Nilimrukia mama sikioni nikapiga kelele, "Mama, ni ya kweli! Ni vitumba, mama, havijafumbuka tu! Subiri magharibi!" Hakugeuka. Nikamwambia tena na tena. Mama mdogo akaingia na mwiko mkononi, akamshika mama kifuani, akaanza kumsomea shahada. Adhana ya magharibi ilikuwa haijaadhiniwa mama alipokata roho.

Nilimchukia baba, sifichi. Nilitaka kumuuliza, miaka yote ile kitandani kwako, hukuuliza hata siku moja maua yanachumwa vipi? Lakini hakuwa na masikio ya kuulizwa. Alikuwa amechota maji kwenye bakuli, anaviosha vile vitumba kimoja kimoja, anavisugua kwa kidole kutoa marashi, anavipanga juu ya kitambaa. Wanawake walikuwa wameanza kuingia, vilio vimejaa uani, naye anaosha.

Vikafumbuka. Chini ya yale marashi, asumini ikatoka.

Baba akakusanya kiganja kizima, akasogea kitandani, akafunua shuka iliyomfunika mama usoni. "Nusa sasa," akamwambia. "Mke wangu, nusa, sikukudanganya."

Mama mdogo akamshika mkono. "Shemeji, basi. Keshakwenda."

"Hajanusa," baba akasema. "Niacheni kidogo, hajanusa."

Ilibidi wanaume waitwe kumtoa.