Ken wa Benchi

Ken Wanjohi aliletwa Marekani akiwa mtoto wa mgongoni, akakulia katika kitongoji cha Crystal, na alipokuwa mtu mzima akapata kazi ambayo mama yake, Dinah, aliona aibu kuitaja kanisani. Alilipwa kucheza besiboli katika timu ya ligi ndogo ya mji wa Saint Paul. Kucheza ni kusema tu. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukaa kwenye benchi, akitema maganda ya mbegu za alizeti, mpaka mmoja wa walinzi wanne wa kwenye besi, vile vituo ambavyo wachezaji hukimbilia, achoke au aumie. Hapo aliitwa kuziba pengo, leo huku, kesho kule.

"Watoto wa wenzangu ni manesi na mafamasia," Dinah alimwambia. "Wewe unangoja watu waumie ndio u-work?"

"It's a real job, Mom."

Kazi gani! Dinah, nesi katika mji wa Hopkins, aliudharau mchezo wote huo wa wanaume wazima kujikuna na kurekebisha kofia. Lakini kama ilikuwa lazima mwanawe acheze, basi awe na nafasi yake mwenyewe kama watu wengine. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Kiangazi cha 2014 alilipeleka kwa kina mama wa maombi. Kiongozi wao Wambui, mwenye sauti kubwa na akili haba, hakuzunguka. "Anayekalia nafasi ya Ken, Baba, mwondoe!" Amina ya Dinah ilizizidi zote.

Jumanne, kijana mwenye nywele nyekundu aliyelinda kati ya besi ya pili na ya tatu akavunjika mguu. Dinah, nesi mzima, alimpigia Wambui simu wakashangilia.

Ken alicheza hapo mechi mbili. Kisha timu ikaleta mtu mpya aliyeweza nafasi zote nne, tena vizuri zaidi. Wa kuziba mapengo alikuwa wa nini tena? Kocha akampa Ken mkono na kumwachisha kazi.

Dinah hakumwambia mtu. Jumapili Wambui akanyakua maikrofoni. "Mama Ken, kuja u-testify! Ambia kanisa vile Mungu alimwondoa yule kijana!"

Makofi yakalipuka. Ken, ambaye sasa hakuwa na mechi ya kumzuia kuja kanisani, akamgeukia mama yake. Aliuliza kwa Kiswahili, lugha aliyozoea kuisikia tu.

"Mama, mliomba Kyle avunjike mguu?"

Ndipo Dinah alipojua kwamba yule kijana alikuwa na jina. Makofi yalikuwa bado yanaendelea, kwa hiyo akanyoosha sketi yake, akaenda mbele.