Madigadi ya Stephano Kinunda

Stephano Kinunda wa Mbuji alikuwa na tabia ya kuonja chai yake, kumtazama mkewe, kisha kuonja tena. Sumu hakuiogopa. Alitaka tu kujua kama sukari imepungua tangu jana, na kama imepungua, imekwenda kwa nani. Walburga, mkewe, alishachoka kujibu. Siku hizo alimwachia kopo la sukari mezani, alikague mwenyewe.

Kahawa yake aliifunga kwa fundo alilolibuni yeye. Kamba ilizunguka mdomo wa gunia, ikarudi chini yake yenyewe, na ncha ikafichwa ndani, ili mtu akilifungua ashindwe kulirudisha. Shamba lake lilipakana na la Emiliana, mjane tuliyemwita Mama Aidan. Wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu Stephano alipomshitaki kwamba mashimo yake ya ngolo, haya tunayolima kwenye miteremko, yamevuka mpaka. Othmar, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja na kamba, akapima, akakuta mpaka uko palepale. Stephano akaanza kuishuku kamba.

Ndipo biashara ikafunguliwa. Zamani kahawa yote ilikwenda chama cha ushirika. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na magari yao na mizani zao, mpaka vijijini. Wengi tuliuza, tukaezeka. Stephano alisema mtu anayekufuata nyumbani kwako hajakufuata kwa wema. Bei ilipopanda alisema kuna jambo. Iliposhuka alisema, si niliwaambia? Basi akakaa na kahawa yake uvunguni hadi mvua za kwanza zikaanguka, na mjini Mbinga akabaki mnunuzi mmoja tu, aliyetangaza kwamba Jumamosi jioni anafunga na kuondoka. Baada ya hapo, mpaka msimu mwingine.

Stephano alikuwa na baiskeli. Alikuwa ameivalisha tairi pana, zile zilizovushwa ziwani kutoka Malawi, zisizozama kwenye tope hata ukibeba mzigo. Tatizo, madigadi yake ya zamani yalikuwa membamba, hayakuzikubali, akayatoa. Bila madigadi gurudumu la nyuma lilirusha tope moja kwa moja kwenye mzigo, na kahawa iliyolowa hakuna anayeinunua. Ijumaa asubuhi akaiburuta baiskeli hadi sokoni kwa Florian, fundi baiskeli.

Florian alikuwa mtu wa Mbamba Bay, Mnyasa, amepanda milimani kutafuta maisha kwa nyundo na koleo. Sisi kadhaa tulikuwa pale tukisubiri viraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Baiskeli hailali hapa."

"Hailali. Kabla ya jioni nitakuwa nimemaliza."

"Na mimi siendi popote."

Akavuta jiwe, akakaa. Alishasikia kwamba mafundi hutoa gololi nzima na kutia zilizolika. Florian alipofungua gurudumu, Stephano alisogeza jiwe karibu zaidi, akavua kofia yake, akataka kila nati iwekwe humo. Florian akacheka, akaziweka. Mzee akaikumbatia kofia.

Ilikuwa kazi nzuri, lazima niseme. Florian alikata bati la pipa, akalikunja taratibu juu ya bomba mpaka likapata mviringo wa gurudumu, akapindisha kingo zisikate mtu, akatoboa kwa msumari. Kila palipokutana chuma na chuma akatia kipande cha tyubu kuukuu ili madigadi yasipige kelele njiani. Kisha akauliza swali.

"Mzee, niyalaze karibu na tairi au niache nafasi? Kwetu ziwani tunayalaza karibu, mchanga unadondoka wenyewe. Udongo wenu huu mimi bado sijauzoea."

Sasa, Stephano alizaliwa kwenye udongo huu. Maisha yake yote amelima akiwa na kijiti cha kukwangulia jembe kiunoni, kama sisi sote, kwa sababu mvua ikinyesha udongo wetu unaganda kwenye jembe mpaka unainua kilima kizima. Swali hilo angelijibu usingizini. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kofia, na akilini aliwaza: kwa nini aniulize mimi, fundi ni nani? Huyu anataka nafasi apunguze bati langu.

"Karibu," akasema. "Hata unyoya usipite."

Mmoja wetu alifumbua mdomo aseme neno, akaufumba. Nani angetaka naye ashukiwe? Florian akayalaza karibu. Jua lilikuwa limekausha njia, na Stephano akarudi nyumbani kwa baiskeli isiyotoa sauti hata kidogo. Kimya kile nacho hakukipenda.

Jumamosi akapakia magunia mawili yaliyojaa nusu, moja kila upande wa keria, akavaa suruali ya mjini, akaondoka. Kijiti hakukichukua, cha nini na suruali ya mjini? Alipofika bondeni, ambako njia hukaa na maji, gurudumu likaanza kunguruma. Akasukuma. Likanguruma zaidi, kisha likagoma kabisa. Udongo mwekundu ulikuwa umejaa kati ya tairi na bati.

Alichoshuku kwanza si udongo. Kanikomoa, aliwaza. Mnyasa kayabana makusudi nikwame hapa, wenzake waje wachukue kahawa. Akavikagua vichaka kimoja kimoja. Alikuwa anaogopa kweli.

Aliyetokea ni Emiliana, jembe begani, anatoka shamba.

"Umekwama, Baba Aurelia?"

"Nani kakwambia nimekwama?"

"Gurudumu."

Akachomoa kijiti chake kiunoni, akapiga magoti topeni, akaanza kukwangua. Gurudumu likazunguka, wakasogea kidogo, likajaa tena. Spana ya kuyatoa madigadi ilikuwa kwa fundi.

"Na mzigo huu hufiki," Emiliana akasema. "Acha gunia moja, nitakaa nalo. Nenda na moja, unakwangua unakwenda. Shika kijiti."

Stephano akamtazama. Akatazama mawingu. Akiwa na yote mawili hauzi hata moja, hilo alilijua. Akalitua gunia moja juu ya jiwe, akakaza fundo lake, akaondoka huku akigeuka nyuma mpaka kona ikamnyima kuliona.

Alifika. Mnunuzi alikuwa anashusha mizani, akalipima gunia lile, akafunga mlango. Mvua ikamwagika palepale. Stephano hakungoja ikatike. Alirudi mbio, akiiinua baiskeli kila ilipogoma, mpaka bondeni.

Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na gunia. Lile jiwe lilikuwa linatiririka maji.

Nadhani alifurahi. Mke wangu anasema nisiseme hivyo, lakini nilimwona alipoingia sokoni na nasema nilichokiona: mtu aliyelowa mpaka mifupani, ana hasira, na usoni ameridhika. "Mwizi! Mama Aidan kaniibia kahawa!" Akamtoa Balozi Othmar kwenye chakula chake. Tukafuatana kundi zima kwenda kwa mjane, na njia ya kwenda huko inapita mlangoni pa Stephano.

Emiliana alikuwa kibarazani pa Stephano, amekaa kwenye kigoda, amejifunika shuka la Walburga, ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Nyuma yake, ukutani, gunia lilikuwa limesimama. Lilikuwa limefunikwa kanga yake, na juu ya kanga majani ya mgomba.

"Mvua ilipoanza nikaona litalowa," alimwambia balozi. Kwa Stephano hakugeuza macho. "Nikajitwisha."

"Na goti lake lile," Walburga akasema. "Kapandisha mlima wote."

Balozi akaanza kukagua kucha zake. Hapo palitakiwa neno moja tu, na sote tulilingoja, na Walburga kuliko sote. Stephano alipanda kibarazani. Akafunua kanga. Na mbele yetu sote, mkono wake ukaenda kwenye fundo, ukalipapasa, ukaitafuta ile ncha iliyofichwa.

Fundo lilikuwa lake. Alipogeuka nikaona kwamba ameona haya, haya kali, na kwamba mkono ulikwenda wenyewe, asingeweza kuuzuia.

Emiliana akaweka kikombe chini. Akavua shuka, akalikunja vizuri, akampa Walburga. Kisha akachukua kanga yake iliyolowa, na mkono mwingine akaunyoosha kwa Stephano.

"Kijiti changu," akasema. "Kesho nalima."