Mbio za Kipupwe

Watu wa mbali hawaamini kwamba Shinyanga kuna baridi. Waje Ngokolo mwezi wa saba, kabla jua halijatoka, upepo wa mbugani uwapige masikioni. Mimi baridi siipendi hata kidogo, na mwaka ule nililazimika kuamka nayo kila siku.

Sukari ndiyo iliyoniamsha. Mama yangu alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, chini ya goti, na hakumaliza mwaka. Nilipopimwa mimi, daktari aliniandikia vidonge, kisha akasema, "Mwalimu, vidonge peke yake havitoshi. Kimbia kila siku ungali na miguu." Niliogopa sana. Na bado simu ikilia alfajiri nilivuta blanketi hadi kichwani. Nikaanza kulala na raba miguuni. Nikaiweka simu jikoni ili ninyanyuke kuizima. Nikaizima, nikarudi kitandani na raba zangu. Nililia kwa hasira. Nilijiona mpumbavu anayejiua kwa uvivu.

Aibu nayo ilikuwepo. Mwalimu wa miaka hamsini, mke wa mtu, nitapitaje mbele ya wazee na traki? Basi juu ya traki nikafunga kanga kiunoni, nyingine nikajitanda kichwani. Halafu kuna salamu. Kwetu mtu mzima humpiti hivihivi. Unasimama, unakunja goti, unauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za wajukuu. Nikisimama mara tatu jasho linanipoa mgongoni, naishia kurudi.

Asubuhi moja nikaapa sisimami. Jana yake sukari ilikuwa imepanda tena, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa hakisikii pini. Nikatoka mbio. Bibi jirani alikuwa anafagia uwanja wake.

"Mwangaluka, mwalimu! Kuna nini?"

Badala ya kuitikia salamu nikampungia mkono tu, macho yakinitoka machozi kwa upepo, nikapita.

Nilifika kisima cha zamani, nikageuka, na kwa mara ya kwanza sikutembea hata hatua moja. Niliporudi nilikuta wanawake kama kumi uani kwangu, wamekaa kwenye mikeka. Moto unawaka, sufuria la uji liko juu, vifuko vya unga viko mkekani, na mzigo mkubwa wa kuni umeegemezwa ukutani. Binti yangu amesimama mlangoni analia.

Mume wangu anachimba dhahabu Geita. Nikajua duara, shimo lao la kuchimbia, limemfukia na wao wameambiwa kabla yangu. Nikapiga yowe, nao wakapiga.

"Pole mama, pole mayu," bibi jirani akanikumbatia. "Wamekwambia wamemtoa?"

"Wamtoe nani? Nani kawaambia?"

"Si wewe? Umejifunga kanga, unakimbia unalia, salamu hujaitikia. Mwalimu apite bila kusalimia, kama siyo msiba ni nini?"

Nikampigia mume wangu simu. Alipokea akiwa anakunywa chai, akauliza kwa nini kuna kelele. Nikakaa chini nikacheka, kisha kicheko kikageuka kilio na sikuweza kunyamaza. Ikabidi niwaambie yote: sukari, mama, kidole.

Unga wao walirudi nao. Kuni walikataa. "Tulizileta kwa ajili ya msiba, hatuwezi kurudi nazo nyumbani," bibi alisema. "Zipikie tu."

Sikuzipikia. Binti yangu akizigusa namfokea. Siku hizi nikipita mbio, bibi haniulizi kuna nini. Ananitazama miguu kwanza, ndipo anaitikia shikamoo yangu. Na kipupwe kikirudi, simu ikalia na blanketi lina joto, nazikumbuka zile kuni pale ukutani. Mume wangu yu hai, sukari yangu haishuki, na zinatosha kupikia waombolezaji siku tatu. Naamka natafuta raba.