Gari la Zuhura na Magoti Yangu

Jamani, leo nimempigia magoti mama mkwe mbele ya mtaa mzima, na wala sikukusudia.

Binti yangu Zuhura ana gari la mbao. Magurudumu niliyachonga kutoka kwenye ndala kuukuu, yanazunguka kwenye misumari. Kila Jumamosi anashindana na binamu yake kuachia magari yao kwenye mteremko wa mtaani kwetu, hapa Kilwa Masoko.

Wiki iliyopita nilijifanya fundi, nikapaka misumari mafuta ya nazi. Mchanga ukanasa, gari likagoma katikati ya njia. Mtoto alilia mpaka akakataa chakula.

Leo nikaisugua misumari kwa msasa mpaka ikang'aa, nikaipaka unga wa risasi ya penseli, mkavu usionasa mchanga.

Loo, lile gari!

Lilipita la binamu, likapita mstari wa mwisho, likapita duka la jirani. Mimi nyuma yake mbio, "Simama wewe!", utadhani lina masikio.

Likagonga miguu ya mtu. Nikateleza, nikatua kwa magoti.

Kuinua macho, mama mkwe! Ndiyo kwanza ameshuka kwenye bodaboda, katoka Mitole na kikapu cha muhogo. Ameninunia tangu Idi, kisa sikwenda kumsalimia.

Ningefanya nini?

"Shikamoo, mama."

Akatua kikapu chini.

"Marahaba, mwanangu. Inuka, yameisha. Mbona hata magoti sikuyataka?"

Huku Zuhura anarukaruka, "Baba, tumeshinda!"

Nimesamehewa. Sijathubutu kumwambia kwamba nilikuwa nafukuza gari.

Nyie mngesema?