Asali ya Dirishani

Nikisikia harufu ya asali ya Tabora, ile nyeusi yenye moshi kwa mbali, masikio yananiwaka moto. Nisikilizeni kwanza, mtacheka baadaye.

Nilikuwa darasa la tatu, huko kwetu Nkololo. Baba mdogo, aliyefanya kazi Dar, alimtumia baba nauli ya ndege amfuate. Kijiji kizima kikajua: Masanja anapanda ndege! Wakamsindikiza mpaka kwenye basi la Mwanza, wanawake wakipiga vigelegele kama kuna harusi. Akarudi na chupa ya asali na viatu vyangu vya shule, vyeusi, vya kwanza maishani. Nililala navyo kitandani.

Walipomuuliza safari, baba alijibu kwa kifupi: inanguruma, unakaa kutwa nzima mpaka miguu inavimba. Mimi ndiye niliyemganda mpaka akaniongezea utamu. Tabora walisimama, akatoa mkono dirishani, mama mmoja akampa ile chupa.

Msimu ule ndipo kampuni za watu binafsi zilipoanza kuja kununua pamba, wakati sisi tulizoea ushirika tu. Siku ya kupima, mzee mmoja akawa anamsimulia karani wa kampuni habari za ndege ya baba. Karani, kijana wa mjini, akacheka.

"Kutwa nzima? Mwanza na Dar ni saa moja na nusu, mzee! Kwa angani ni kilomita mia nane na kitu tu. Chai hujamaliza, unaambiwa funga mkanda."

Watu wakamgeukia baba. Baba akainama, akajifanya anafunga gunia ambalo lilishafungwa.

Damu ikanichemka. "Muongo wewe! Baba, mwambie!"

"Nyamaza, mama," baba akaniambia polepole.

Ninyamaze wapi! Nikatoka mbio mpaka nyumbani, nikarudi nahema, chupa nimeinyanyua juu. "Asali hii hapa! Ndege ilisimama Tabora, baba akanunua! Alitoa mkono dirishani mwenyewe!"

Mama mmoja pale mzanini akadakia: "We Masanja! Ndege yako ilipita relini?"

Walicheka mpaka karani akashikilia mzani asianguke. Baba naye akacheka kidogo, macho chini. Na mimi, sijaelewa kitu, bado namtukana karani.

Wakati wa kurudi nilisubiri kuchapwa. Baba akachukua chupa, akaniambia tu nipite kwenye majani, mawe yasije yakakwaruza viatu.

Jina la Masanja Ndege halikumtoka tena.

Mwaka jana nilipanda ndege ya Mwanza kwenda Dar kwa mara ya kwanza. Saa moja na nusu kweli, na dirisha halifunguki. Hapo ndipo akili iliponijia: nauli ya treni ni ndogo, na kilichobaki kwenye ile ya ndege nilikivaa miguuni mpaka kikatoboka. Nikashuka Dar chai sijaigusa. Baba yuko Nkololo, mzima, na radhi sijamwomba mpaka leo.